Manyunyu ya Kihansi

Waswahili husema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii hutumiwa aghalabu kumtuliza mtu anayesemwa ovyo: walimwengu na waseme, yeye aendelee na lake. Katika fumbo hilo ng'ombe ndiye mwenye haja ya kweli, na chura ni mpiga kelele tu kando ya maji. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi akiitafakari methali hiyo kwa utulivu atatambua kuwa imesimama juu ya jambo moja ambalo waliotangulia hawakuona haja ya kulitaja, kwa kuwa lilikuwa wazi mno kwao. Jambo lenyewe ni kwamba maji yapo na yatazidi kuwapo. Ng'ombe atakunywa, atashiba, ataondoka, na chura atabaki na maji yake. Hekima ya wahenga haikuwazia mnywaji ambaye angeumeza mto karibu wote.

Mnywaji wa namna hiyo alitokea Tanzania mwishoni mwa karne ya ishirini, katika korongo la mto Kihansi. Hakuwa ng'ombe bali mitambo ya kuzalisha umeme. Na chura aliyekuwapo hapo hakuwa na kelele za kumzuia yeyote. Sauti yake ni nyembamba, naye alikuwa akiishi kando ya maporomoko ambayo ngurumo yake ilitosha kumeza sauti kubwa kuliko yake. Kisa cha chura huyo kimekwisha kusimuliwa na wanasayansi, wahandisi na wanasiasa, kila mmoja kwa lugha ya fani yake. Si vibaya kikisimuliwa pia mbele ya wapenzi wa Kiswahili, maadamu ndani yake mna somo ambalo sarufi ya Kiswahili inaweza kulieleza vizuri kuliko takwimu.

Kihansi ni mto unaotoka nyanda za juu za milima ya Udzungwa na kuteremka hadi bonde la Kilombero, ambalo maji yake huingia katika mto Rufiji na hatimaye Bahari ya Hindi. Ukingoni mwa milima hiyo mto huo ulikuwa ukijitupa korongoni kwa maporomoko yanayofuatana, ukipiga miamba kwa nguvu hata maji yakapasuka na kuwa mvuke na matone madogo madogo. Mchana na usiku, masika na kiangazi, matone hayo yaliangukia majani, kuvumwani na mawe ya kando. Mvua ya majira huja na kwenda, lakini mvua ile ya maporomoko haikuwa na msimu. Pahali palipopata neema hiyo palikuwa padogo mno: hekta 2 hivi, ukubwa usiofika viwanja vitatu vya kandanda. Humo ndimo ulimwengu mzima wa chura huyo ulimokuwa. Hakuna pembe nyingine ya dunia alikopata kuonekana akiishi kwa asili yake.

Umbo lake halitishi mtu. Jike hafiki sentimita 3 kwa urefu, na dume ni mdogo zaidi, kiasi kwamba angeweza kukaa juu ya sarafu ya shilingi. Rangi yake ni manjano iliyokolea kama dhahabu. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba hata huweza kupenyezwa na nuru, na jike mwenye mimba akitazamwa kwa chini, watoto huonekana ndani yake. Naam, watoto, wala si mayai. Hapa ndipo chura wa Kihansi anapoachana na chura wa vitabu vya shule ya msingi. Kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amefundishwa kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yakaanguliwa yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu na kupoteza mkia. Mafunzo hayo ni sahihi kwa vyura wengi. Chura wa Kihansi hayafuati. Jike hubeba mimba, na hujifungua vyura wachanga waliokamilika viungo vyote, wenye urefu wa milimita 5 hivi, ambao punje ya mchele huwashinda kwa urefu. Miongoni mwa maelfu ya spishi za vyura duniani, wanaozaa namna hii hawafiki asilimia 1. Chura wa Kihansi na ndugu zake wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao wote ni wa Tanzania, wamo katika kundi hilo dogo.

Kwa hiyo chura huyu hakuhitaji dimbwi la kutagia. Kiluwiluwi chake, kwa namna ya kusema, huogelea ndani ya mama. Alichohitaji ni kitu chepesi kuliko dimbwi na kigumu zaidi kukipata: unyevu hewani usiokatika.

Haja hiyo imo ndani ya jina lake la kisayansi. Wataalamu John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett, walipomweleza rasmi kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, walimwita Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili lina asili ya Kilatini, na maana yake ni ya manyunyu. Kiswahili kwa upande wake kilimwita chura wa Kihansi. Majina hayo mawili yamegawana ukweli: moja limeshika maji, jingine limeshika mahali. Kwa maelfu ya miaka hapakuwa na haja ya kuyatenganisha, kwa sababu mahali na manyunyu vilikuwa kitu kimoja. Aliyesema Kihansi alikuwa amesema manyunyu.

Yaliyovitenganisha ni mahitaji ya umeme. Mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini ulikwisha kuanza kujengwa chura huyo alipogunduliwa mwaka wa 1996, na aligunduliwa na watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya mradi wenyewe. Yaani alijulikana hukumu yake ikiwa imekwisha kuandikwa. Mpango ulikuwa kuyazuia maji kwa bwawa juu ya maporomoko, kuyapitisha katika handaki ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha kuyarudisha mtoni mbele ya korongo. Kwa mhandisi, huo ni mpango wa kupendeza: bwawa ni dogo, kimo cha kuangukia maji ni kikubwa, na umeme unaopatikana ni megawati 180. Mitambo ilipoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yaliingia handakini. Ngurumo ilipungua. Majani yaliyokuwa yakilowa usiku na mchana yakaanza kukauka.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye lugha. Mvua ikianguka kidogo kidogo husemwa kwamba inanyunya, na yale matone huitwa manyunyu. Kitenzi hicho hakimtaji mtendaji binadamu; mbingu au maporomoko hunyunya yenyewe. Kikiingizwa katika kauli ya kutendesha huwa nyunyiza, na papo hapo sentensi hudai mtu: nani ananyunyiza, kwa chombo gani, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, na nani atamlipa? Kiambishi kidogo tu kimeongezwa, lakini mzigo wote umehama kutoka kwa maumbile ukamwangukia binadamu.

Ndivyo ilivyotokea Kihansi. Baada ya kuonekana kwamba chura ataangamia, mabomba yalitandazwa korongoni, yakafungwa vinyunyizio, na maji yakachukuliwa kwa mteremko ili kuiga yale yaliyopotea. Kazi hiyo ilifanyika mnamo mwaka 2000 na 2001, na Benki ya Dunia, ambayo ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mradi wa umeme, iligharimia pia mradi wa kuhifadhi mazingira ya Kihansi. Mto ulikuwa ukinyunya bure. Sasa palihitajika mafundi wa kuzibua matundu yaliyoziba, walinzi, wapimaji, bajeti na taarifa za kila mwaka. Wahenga walikwisha kuonya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kihansi iliongeza fundisho jingine: kuna kuta ambazo zikishajengwa lazima zijengwe upya kila siku.

Kwa muda mfupi ilielekea kwamba hila hiyo imefaulu. Katikati ya mwaka 2003 vyura waliokadiriwa kuwapo korongoni walifikia takriban 20,000. Kisha ghafla wakaanza kutoweka. Ilipofika Januari 2004, wachunguzi waliona vyura watatu tu, na wakasikia sauti za madume wawili. Katika mizoga ya vyura ilikutwa kuvu ya kitridi, maradhi ya ngozi ambayo yameangamiza amfibia katika mabara mbalimbali. Wengine waliyatazama pia maji yenyewe, kwa kuwa bwawa lilikuwa limefunguliwa kwa majaribio mwaka huohuo, na mashaka yakaangukia tope na dawa za mashambani zilizoteremka nayo. Wataalamu wamejadili uzito wa kila sababu. Lililo wazi kwa msomaji wa kawaida ni kwamba kiumbe aliyekwisha kunyang'anywa makao yake ya asili hukosa pa kukimbilia maradhi yakija. Mwaka wa 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimwandika chura wa Kihansi katika orodha ya spishi zilizotoweka porini.

Neno porini katika hukumu hiyo lina siri yake, maana chura hakuwa ametoweka kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 2000, kabla ya msiba, vyura 499 walikuwa wamekusanywa wakasafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Wengine waligawiwa bustani nyingine, na wengi wakafa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfuga chura wa aina hiyo wala kujua adabu zake. Idadi yao ilishuka hadi makumi machache. Waliosalia walitunzwa Bronx na katika bustani ya Toledo, jimbo la Ohio, ndani ya visanduku vya kioo vilivyopimwa joto na kunyunyiziwa ukungu wa maji kwa saa maalumu. Polepole watunzaji walijifunza. Vizazi vya vyura wa Udzungwa vikazaliwa ughaibuni, vikafa, vikazaa vingine, bila hata mmoja wao kupata kuusikia mto.

Mwaka wa 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakapokelewa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 vyura wapatao 2,000 waliachiliwa katika korongo la Kihansi. Baadaye waliletwa wengine. Yasemekana katika taaluma ya uhifadhi kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza amfibia aliyetoweka porini kurejeshwa kwenye makao yake. Ni jambo la kujivunia, na Watanzania walioshiriki wanastahili heshima. Lakini waliorudi hawakurudi kwenye Kihansi ile ya asili. Walirudi kwenye Kihansi ya vinyunyizio. Bomba likiziba, wao hukauka. Bajeti ikichelewa, wao ndio wa kwanza kujua, nao hawana barua ya kuandika kwa yeyote.

Hapo ndipo swali gumu linapozuka, wala haifai kulikwepa kwa huruma nyepesi. Wako waliouliza, na bado wako wanaouliza, inakuwaje mamilioni ya dola yatumike kwa ajili ya chura asiyeliwa, asiyefugwa na asiyelindwa na mila yoyote, ilhali kuna vijiji visivyo na zahanati. Swali hilo halikuulizwa na watu wabaya. Umeme si anasa. Mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji mabwawani, Tanzania iliingia katika mgao mkali wa umeme. Viwanda vilisimama na biashara ndogo ndogo zikayumba. Mama anayejifungua usiku katika hospitali ya wilaya anahitaji taa. Mtoto wa shule anahitaji taa. Ukimwambia mama huyo kwamba taa yake imezimwa kwa ajili ya chura, usitarajie akushukuru. Na anayeandika utetezi wa chura chini ya taa ya umeme hana budi kulikumbuka hilo.

Hata hivyo, ukilitazama swali lenyewe kwa makini, utaona limepangwa vibaya. Linawasimamisha mama na chura kwenye mizani moja, kana kwamba mmoja hupanda ikiwa mwenzake atashuka. Kihansi haikuwa hivyo. Mitambo ilijengwa, na umeme ulipatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda korongoni mapema, kabla ya saruji, akauliza ni nani anayeishi humu na anahitaji maji kiasi gani. Laiti swali hilo lingeulizwa wakati ramani ilipokuwa bado karatasi, huenda sehemu fulani ya maji ingeachwa ipite, mitambo ikapimwa kwa kiasi kilichobaki, na gharama ikawa ya mara moja. Kwa kuwa liliulizwa baadaye, gharama imekuwa ya miaka na miaka. Kwa hiyo fedha zinazolalamikiwa hazikuliwa na chura. Ziliteketezwa na kuchelewa.

Sarufi nayo ina neno lake katika shauri hili. Chura na chuma ni maneno yanayofanana sana kwa umbo: chuma na vyuma, chura na vyura. Mgeni anayejifunza Kiswahili angedhani yanafuata njia moja hadi mwisho. Lakini yakiingia katika sentensi huachana. Chuma kimeharibika, chura amekufa. Vyuma vimeletwa, vyura wameletwa. Lugha imemvika chura vazi la vitu, kisha ikakataa kumhesabu miongoni mwa vitu, ikamweka katika upatanisho mmoja na mtu, mama na mwalimu. Tofauti hiyo ilionekana wazi Kihansi. Chuma cha mtambo kikiharibika huagizwa kingine, na kiwanda kilichokitengeneza hubaki na mchoro wake. Chura akiisha, mchoro wake huisha naye. Waliosalimika Bronx walikuwa ndio mchoro wa mwisho, na ulikuwa umebaki makumi machache tu.

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba habari hizi ni za jirani peke yake. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ncha ya kaskazini ya tao hilo imo ndani ya Kenya, katika Milima ya Taita. Huko nako kuna viumbe wasiopatikana kwingine. Mwaka wa 2009 wataalamu walieleza spishi mpya ya chura wakaiita Callulina dawida, kwa jina ambalo wenyeji huita nchi yao ya milimani. Udongoni mwa Taita huishi pia amfibia asiye na miguu, Boulengerula taitana, ambaye mtu asiyejua angemdhania kuwa mnyoo mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mama wa spishi hiyo huwalisha wanawe kwa ngozi yake mwenyewe: ngozi hunenepa na kujaa virutubishi, na watoto huibambua kwa meno yao madogo bila kumdhuru. Fasihi ya Kiswahili ina mifano mingi ya mama anayejinyima kwa ajili ya mwana. Ni nadra kupata uliokamilika kama huu, nao u ndani ya udongo wa Taita. Misitu ya asili ya milima hiyo imebaki vipande vipande, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, vilivyozungukwa na mashamba ya watu wanaohitaji kula. Swali la Kihansi, yaani ni nani anayeishi humu na anahitaji nini, linaweza kuulizwa huko leo hii, likiwa bado rahisi.

Kiswahili kina kazi yake katika kuuliza huko. Taarifa nyingi kuhusu chura wa Kihansi ziliandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa na watu waliokwisha kujua. Wananchi ambao mto ni wao na umeme ni wao walipata habari hizo kwa vipande, aghalabu kama kichekesho cha magazetini kuhusu chura anayepanda ndege kwenda Marekani. Mtu hawezi kukitetea kitu alichokisikia kwa mzaha tu. Wataalamu wa istilahi wana uwanja mpana hapa, na watafsiri vilevile. Lakini hata kabla ya istilahi mpya kubuniwa, maneno makongwe yapo tayari: manyunyu, korongo, mimba, kunyunya, kunyunyiza. Yanatosha kumweleza mwanakijiji yaliyotokea, na pengine yanamweleza vizuri zaidi.

Methali ya ng'ombe na chura haina haja ya kutupwa. Bado itawatuliza wanaosemwa ovyo, na ng'ombe bado wana kiu ya haki. Ila yeyote atakayeitumia baada ya Kihansi afahamu kwamba chura hakuwa mlalamikaji peke yake. Alikuwa pia shahidi kwamba maji yapo. Mahali ambapo sauti yake imenyamaza, mnywaji mwenye busara hutazama chini kabla ya kuinamisha kichwa, akaangalia kama kumebaki kitu cha kunywa. Korongoni Kihansi matone yanaendelea kuanguka juu ya majani, na vyura wadogo wa rangi ya dhahabu wametiwa tena chini yake. Hayo si manyunyu ya mto tena. Kuna mtu anayenyunyiza, na maadamu mto hauachiwi kunyunya wenyewe, mtu huyo hana ruhusa ya kuchoka.